Darasa la Mapishi Nchini Peru: Mwongozo Kamili kwa Msafiri Mpenda Jiko

Maelekezo ya kupika ceviche, samaki mbichi wa kukolezwa ndimu, unaweza kuyasoma kwenye simu sasa hivi, uwe Mbezi au Kisauni. Lakini simu haikunusishi ají amarillo, pilipili ya Peru, inapochemka, wala haikushiki mkono kukuonyesha ndimu ikamuliwe hadi wapi, iachwe wapi. Hayo ndiyo unayolipia ukiingia darasa la mapishi nchini Peru. Kwa hiyo katika hatua zote zinazofuata nitalirudia jambo moja: tafuta darasa litakalokufundisha pilipili na ndimu kwa mikono yako mwenyewe. Aliyezielewa hizo mbili ameshashika msingi wa jiko la pwani ya Peru.

Hatua ya 1: Amua mji kabla ya kuamua darasa

Peru ina pwani ya jangwa, milima ya Andes na msitu wa Amazon, na kila upande una jiko lake. Madarasa ya ceviche yapo hata Cusco, na watalii huyalipia, ila huko samaki wa baharini amepandishwa hadi mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Kila chakula kijifunze kule kinakoliwa na wenyeji.

Lima ni mji wa bahari. Hapo jifunze ceviche, causa (viazi vya kuponda vilivyopangwa tabaka), lomo saltado (nyama ya ng'ombe ya kukaangwa kwa moto mkali) na anticuchos (mishikaki ya moyo wa ng'ombe). Katika mji huu utaona pia jinsi kila aliyehamia, kwa hiari au kwa nguvu, alivyoacha kitu chunguni. Vibarua wa Kichina walianza kuletwa mwaka 1849, wakaja na sosi ya soya na upishi wa moto mkali, na huko ndiko lilikotoka lomo saltado. Wajapani wa kwanza walifika mwaka 1899, na mkono wao unaonekana kwenye tiradito, samaki mbichi aliyekatwa vipande vyembamba. Waafrika walioletwa utumwani, ambao sheria iliwapa uhuru mwaka 1854, walichukua moyo wa ng'ombe, sehemu ambayo mabwana hawakuitaka, wakaukoleza kwa siki, kitunguu saumu na pilipili ya ají panca, wakauchoma kwenye vijiti. Hiyo ndiyo anticucho, na leo hakuna mtaa wa Lima usiokuwa na moshi wake jioni. Kwa msomaji wa Afrika mimi naona hili ni somo zito kuliko yote, kwa hiyo muulize mwalimu wako moja kwa moja: vyakula vya Waperu weusi vimo kwenye darasa? Mpishi mashuhuri Teresa Izquierdo, Mperu mwenye asili ya Afrika aliyefariki mwaka 2011, alivipa vyakula hivyo heshima ya mezani kupitia mkahawa wake wa El Rincón que no Conoces, Lima.

Arequipa, mita 2,300 hivi, ni mji wa rocoto, pilipili nene yenye mbegu nyeusi, ambayo kwa sura ungeidhani hoho. Huko kuna picantería, mikahawa ya kienyeji inayosimamiwa zaidi na wanawake, ambayo mwaka 2014 ilitangazwa kuwa urithi wa taifa. Darasa la Arequipa lisilokuwa na rocoto relleno, yaani rocoto iliyojazwa nyama na jibini, liache. Ukitaka mchuzi wa kamba wa mtoni, chupe de camarones, usiende kati ya Januari na Machi, kwa sababu uvuvi wao hufungwa ili wazaliane.

Cusco na Bonde Takatifu ni eneo la viazi, kinoa, nyama ya alpaka na cuy. Huyo cuy ni simbilisi, mnyama ambaye wenzetu wa Njombe na Iringa wanamfuga kwa kitoweo. Somo la kutafuta huko ni pachamanca: mawe yanapashwa moto hadi yanaiva, yanapangwa shimoni pamoja na nyama iliyokolezwa majani ya huacatay, viazi, viazi vitamu na mahindi, kisha vyote vinafunikwa kwa udongo.

Kama una nafasi ya darasa moja tu, chagua Lima. Kama ni mawili, ongeza pachamanca.

Hatua ya 2: Lichuje darasa kabla ya kutoa pesa

Bei ya darasa la watalii Lima au Cusco kwa kawaida huwa kati ya dola 40 na 100 za Marekani, kwa saa tatu hadi tano, chakula kikiwemo. Bei kubwa haina maana ya somo bora. Mara nyingi unalipia roshani yenye mandhari na glasi za bure. Andika ujumbe kwa mwenye darasa na umuulize haya:

- Tunaanzia sokoni au tunakuta viungo vimeshakatwa?
- Kila mtu ana ubao na kisu chake, au tunamtazama mpishi?
- Mko wangapi darasani? Wakizidi kumi mpishi mmoja hawezi kuuona mkono wa kila mtu.
- Rojo ya ají, yaani pilipili iliyosagwa, tunaitengeneza wenyewe au inatoka kwenye chupa?
- Mnafundisha kwa lugha gani?

Swali la rojo ya ají ndilo mizani yangu. Mwenye darasa akijibu kwa urefu, akakueleza pilipili anazinunua wapi na anazichemsha mara ngapi, huyo mlipe. Akikujibu kwamba kila kitu kimeandaliwa tayari ili msipoteze muda, endelea kutafuta.

Kuna njia nyingine ambayo haitangazwi sana, nayo ni kuomba kupika nyumbani kwa familia unayofikia. Katika vijiji vya Bonde Takatifu na visiwa vya Ziwa Titicaca kuna familia zinazopokea wageni, na wengi wao hukukaribisha jikoni ukiomba kwa adabu na kuchangia gharama. Hutapewa aproni wala cheti. Utamenya viazi pamoja na mama wa nyumba, na atakurekebisha pale pale unapokosea.

Hatua ya 3: Sema mapema usichokula

Usisubiri siku ya darasa, sema siku unayoweka nafasi. Kwa Waislamu kuna mambo manne ya kuangalia. Karibu kila darasa la Lima linamalizikia kwenye pisco sour, kinywaji cha pombe kali ya zabibu na ute wa yai bichi. Omba chicha morada badala yake, ambayo ni mahindi ya zambarau yaliyochemshwa na maganda ya nanasi, mdalasini na karafuu, yakatiwa sukari na ndimu. Mtu wa Unguja akiinusa atajisikia yuko kwao. Angalia usiichanganye na chicha de jora, ambayo ni pombe ya mahindi. Jambo la pili, wapishi wengine humwagia lomo saltado pisco, ile pombe kali ya zabibu, ili moto uwake. Tatu, mafuta ya nguruwe hutumika kwenye vyakula vya milimani na hata kwenye baadhi ya maandazi. Nne, nyama ya halali si rahisi kuipata, kwa hiyo darasa la samaki ndilo lenye utulivu zaidi.

Mwenye mzio wa karanga aulize kuhusu carapulcra (kitoweo cha viazi vilivyokaushwa) na ocopa (viazi vyenye sosi ya pilipili na karanga). Mwenye mzio wa njugu nyingine aulize kuhusu ají de gallina, kuku wa mchuzi wa ají, kwa sababu mchuzi wake husagiwa pekani. Mjamzito asile ceviche wala asinywe pisco sour. Afanye causa na ají de gallina, na hatakuwa amepungukiwa.

Jifunze sentensi tatu za Kihispania: "no como cerdo" (sili nguruwe), "sin alcohol" (bila pombe), "poco picante" (pilipili kidogo).

Hatua ya 4: Panga siku na saa

Ceviche ni chakula cha mchana. Wenyeji wa Lima huila wakati samaki wa asubuhi akiwa bado mpya, na mikahawa mingi ya ceviche hufunga alasiri. Kwa hiyo chagua darasa la asubuhi linaloishia chakula cha mchana, na usinywe chai nzito kabla.

Milimani hesabu ni nyingine. Cusco iko chini kidogo tu ya urefu wa kambi ya Horombo pale Kilimanjaro, isipokuwa wewe utakuwa umefika kwa ndege kwa saa moja na nusu tu kutoka Lima. Pumzika siku moja au mbili kabla ya darasa, kunywa maji, achana na pombe. Utapewa chai ya majani ya koka, ambayo ni halali Peru. Inywe ukipenda, ila majani yake usiyatie begini kurudi nayo, maana nchi nyingi zinayahesabu kuwa dawa za kulevya, na hata chai yenyewe inaweza kuonekana kwenye kipimo cha mkojo.

Urefu huo unabadilisha hata chungu. Cusco maji huchemka kwenye nyuzi 89 hivi badala ya 100, kwa hiyo viazi na maharage huchukua muda mrefu zaidi. Ukiandika muda wa kuchemsha viazi katika darasa la Cusco kisha ukautumia Dar es Salaam, utapata uji. Andika dalili, kwa mfano "hadi kisu kipenye bila kukaza", usiandike dakika.

Hatua ya 5: Sokoni

Hapa ndipo pesa yako inapofanya kazi. Lima, soko la Surquillo namba 1 liko jirani kabisa na mtaa wa Miraflores wanakofikia wageni wengi. Cusco ni San Pedro, Arequipa ni San Camilo. Salimia kwanza: "buenos días, casera". Muuzaji atakuita casera au casero vilevile, na kuanzia hapo mnaongea kama watu mnaojuana. Ukishanunua, omba yapa, nyongeza, na ataongeza kwa tabasamu. Usipige picha ya mtu wala meza yake kabla hujanunua au kuomba ruhusa.

Mwambie mwalimu akupeleke meza ya pilipili na akuonyeshe nne hizi. Ají amarillo huonekana ya chungwa ikiiva, ingawa jina lake linasema njano. Ina ukali wa wastani na ladha ya tunda, na ndiyo roho ya causa na ají de gallina. Ikikaushwa huitwa mirasol. Ají panca huuzwa imekauka, ni ya rangi ya zambarau iliyokolea, haiumi sana, ina harufu ya moshi, na ni ya anticucho. Ají limo ni ndogo na kali, ina harufu ya ndimu, na huingia kwenye ceviche ikiwa mbichi. Ya nne ni rocoto. Nunua moja moja, zipasue, nusa kila moja kwa zamu. Dakika kumi za kunusa hapo zitakufunza kuliko ukurasa mzima wa maelezo.

Kisha nenda kwenye viazi. Peru ina aina za viazi zipatazo maelfu, na kituo cha kimataifa cha utafiti wa viazi kilianzishwa Lima mwaka 1971. Ni hicho hicho kilichoshiriki kusambaza viazi lishe vya rangi ya chungwa Afrika Mashariki. Kwa causa unahitaji papa amarilla, kiazi cha njano chenye unga mkavu.

Kwa samaki, kanuni ni zile zile za soko la samaki la Feri, Dar es Salaam: macho maangavu, mashavu mekundu ndani, nyama inayorudi ukiibonyeza, harufu ya bahari. Uliza "¿es de hoy?", yaani ni wa leo?

Hatua ya 6: Jikoni, kipi ukikodolee macho

*Rojo ya ají.* Pasua ají amarillo kwa urefu, kwangua mbegu na ile mishipa myeupe, maana ukali mwingi uko kwenye mishipa kuliko kwenye mbegu. Vaa glavu au paka mikono mafuta kwanza, na usiguse macho. Chemsha, mwaga maji, rudia mara mbili au tatu kadiri unavyotaka ukali upungue. Menya ganda, saga na mafuta kidogo hadi iwe laini kabisa. Onja kila unapobadilisha maji. Hilo ndilo somo lenyewe, kwa sababu utausikia ukali unaondoka na ladha ya tunda inabaki.

*Ceviche.* Mwaka 2023 UNESCO iliingiza mila za kuandaa na kula ceviche katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na ukiwa darasani utaelewa sababu. Chakula chenyewe kina vitu vichache mno, basi kila kosa linaonekana. Mpangilio ni huu: samaki mweupe mwenye nyama ngumu anakatwa vipande vya sentimita mbili, anatiwa chumvi kwanza na kuchanganywa, kisha ají limo iliyokatwa ndogo na kotimiri, halafu ndimu. Kitunguu chekundu kilichokatwa nyuzi nyembamba na kuoshwa kwa maji baridi huja mwisho. Ndimu inakamuliwa kwa vidole, nusu nguvu. Ukiiminya hadi tone la mwisho, mafuta ya ganda yanashuka na bakuli zima linakuwa chungu. Wapishi wengi hutia kipande cha barafu, wanakizungusha, wanakitoa. Baada ya dakika chache tu nyama imekuwa nyeupe nje na bado ni laini ndani, na maji yaliyobaki, leche de tigre, yananywewa kwa kijiko.

Jambo moja lazima lieleweke vizuri. Ndimu hugandisha nyama ya samaki ikaonekana imeiva, lakini haiui minyoo wala bakteria wote kama moto unavyofanya. Usalama wa ceviche uko kwa mvuvi na kwenye barafu kabla samaki hajafika mezani. Meza ya darasa ikiwa na samaki aliyekaa nje bila barafu wakati mpishi anasimulia historia, una haki ya kukataa kula.

*Causa.* Viazi vinapondwa vikiwa moto bila donge hata moja, vinaachwa vipoe, kisha vinakandwa kwa mkono na rojo ya ají, ndimu, mafuta na chumvi kama unga wa chapati hadi vishikane. Vinapangwa tabaka: viazi, parachichi, kuku au jodari aliyechanganywa na mayonezi, viazi tena.

*Lomo saltado.* Siri yake ni moto. Karai lipate moto hadi litoe moshi, nyama iingie kidogo kidogo ili isitoe maji, itolewe, ndipo kitunguu cha vipande vinene, ají na nyanya vipite haraka. Sosi ya soya na siki vinamwagwa ukingoni mwa karai, siyo katikati. Inaliwa na wali na chipsi kwenye sahani moja.

Wakati wote huo omba kushika kisu. Madarasa mengine yanakuacha upange majani juu ya sahani ukapigwa picha. Sema kwa upole kwamba ungependa kukata samaki mwenyewe. Walimu wengi hufurahi kuombwa.

Hatua ya 7: Begi la kurudi nalo

Nunua ají panca na mirasol zilizokauka, mahindi ya zambarau yaliyokauka, na chupa za rojo ya ají amarillo kutoka supamaketi. Chupa zote ziende kwenye begi linaloingia tumbo la ndege. Viazi, mbegu za kupanda na pilipili mbichi ziache huko. Kuingiza mimea hai bila cheti cha afya ya mimea kunaweza kukuletea matatizo na kuleta wadudu mashambani kwetu. Hata vile vilivyokauka, vitangaze kwa maofisa ukifika.

Hatua ya 8: Kupika nyumbani

Ndimu hatuna shida nayo. Ile ya Peru na ndimu yetu ndogo ya pwani ni mti wa aina moja, kwa hiyo usitumie malimau. Rojo ya ají ikikuishia, chemsha hoho za njano tatu na pilipili mbuzi moja iliyotolewa mishipa, menya, saga na mafuta. Rangi na ukali vitakaribia. Ile ladha ya tunda haitakuwapo yote, ndiyo maana nilikuambia ubebe chupa.

Anza na causa, kwa sababu haina hatari na viungo vyote, ukiacha rojo, vipo sokoni kwako. Kwa watu wanne: kilo moja ya viazi vyenye unga, vijiko vitatu vikubwa vya rojo, ndimu tatu, robo kikombe cha mafuta, chumvi kwa kuonja. Ikikaa vizuri, nenda kwenye lomo saltado.

Ceviche iwe ya mwisho, na samaki awe wa baharini tu, kwa mfano chewa. Sangara, sato na samaki wengine wa maziwa na mito usiwale wabichi kamwe, ndimu iwe nyingi kiasi gani. Kinga dhidi ya minyoo ni kumgandisha samaki kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba kamili, na friza nyingi za nyumbani hazifiki hapo, kwa hiyo ipime kwa kipimajoto kwanza. Samaki wa jana asiyekuwa kwenye barafu mkaange, umtengenezee ile saladi ya kitunguu, ndimu, pilipili na kotimiri pembeni, na kiazi kitamu kilichochemshwa.